Kabla ya kuamini picha ya kompyuta, tumimine maji kwanza

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu hii tuzungumze na wakufunzi wa uhandisi hapa Mwanza, pamoja na wenye viwanda wanaoyeyusha chuma chakavu kupata bileti, yaani vipande virefu vya chuma vya kutengenezea nondo. Tumeonyeshwa mara nyingi picha za hesabu za kompyuta, nyekundu na buluu, zinazodaiwa kuwa ni chuma cha moto kikitiririka ndani ya kalibu. Ukiuliza zimelinganishwa na kipimo gani, hupati jibu. Hilo linatusumbua, kwa sababu hesabu hizi zina faida kubwa zikifanywa sawasawa.

Katika umiminaji wa mfululizo, chuma hushuka kutoka ndoo kuu hadi birika la kugawia, hupita kwenye nozeli (bomba la kumiminia), kisha huingia kwenye kalibu ya shaba inayopozwa kwa maji. Bileti huvutwa kutokea chini bila kukoma. Chukua bileti ya milimita 130 kwa 130, inayovutwa mita 2.8 kwa dakika. Kina cha chuma ndani ya kalibu kikiwa mita 0.7, kila kipande hukaa humo sekunde 15 tu, yaani robo dakika. Unene wa ganda, yaani chuma kilichokwisha kuganda pembeni, hukadiriwa kwa kuzidisha 24 kwa kipeuo cha pili cha dakika hizo: 24 mara 0.5, milimita 12. Hizo milimita 12 ndizo zinazozuia chuma cha takriban nyuzi 1,500 kisimwagike juu ya rola na mabomba ya maji.

Sasa tazama mkondo wenyewe. Kalibu hiyo hula karibu lita 0.82 za chuma kwa sekunde. Nozeli ya kuzama, ambayo ncha yake imo ndani ya chuma, yenye tundu la milimita 30 huupitisha mkondo kwa mita 1.16 kwa sekunde. Uchafu wa alumina (oksidi ya alumini) ukijipaka ndani hadi tundu libaki milimita 24, na kasi ya kuvuta isipunguzwe, mkondo hufika mita 1.8. Utazama zaidi, upeleke joto chini ambako ganda lilipaswa kunenepa. Uchafu ukikaa upande mmoja ni hatari zaidi, maana mkondo hupinda na kuchoma uso mmoja wa bileti. Ganda hupasuka hapo, na mstari mzima husimama. Mambo haya kompyuta inaweza kuyaonyesha kabla hujayeyusha hata kilo moja. OpenFOAM, programu isiyolipiwa ya kuhesabu mitiririko, ipo tangu mwaka 2004, kwa hiyo bei ya leseni si kisingizio.

Tunachosisitiza ni utaratibu. Piga kwanza hesabu ya maji, si ya chuma. Mnato wa chuma kilichoyeyuka, ukigawanywa kwa uzito wa ujazo wake, unakaribia sana ule wa maji ya nyuzi 25. Kwa hiyo tangi la plastiki angavu lenye vipimo vilevile vya kalibu, likipitishiwa lita 49 kwa dakika (ndoo mbili na nusu za lita 20), litatiririka karibu kama chuma. Dondoshea pamanganeti, ile dawa ya rangi ya zambarau, kwenye nozeli, bandika rula nyuma ya tangi, rekodi kwa simu inayopiga picha 240 kwa sekunde. Kina ambacho rangi imezama ndicho kipimo cha kulinganisha. Kompyuta ikisema sentimita 40 na rula ikasema 25, hesabu ina kasoro. Usiendelee na chuma.

Kasoro zenyewe tunazijua. Wavu wa hesabu, yaani vijichumba ambavyo kompyuta hugawia mtiririko, huwa mpana mno karibu na ukuta. Ufanye mwembamba mara tatu, na kasi ikibadilika zaidi ya asilimia 5 bado hujafika. Wengine huhesabu mtiririko kana kwamba umetulia, ilhali mkondo unayumba kushoto na kulia. Wengine husahau birika na kuingiza chuma kikiwa kimenyooka tangu mwanzo. Kilo zinazoingia na zinazotoka nazo zihesabiwe, kwani wapo wasiozihesabu kabisa.

Tangi halionyeshi kila kitu. Maji hayagandi ukutani, na ukuta wa tangi haushuki pamoja na bileti. Ukihamia kwenye chuma, lazima uingize ganda linaloshuka na chuma kinachotoweka ndani yake, la sivyo utaona mizunguko mikubwa chini ambayo kwenye kalibu haipo. Viwanda vinavyomimina mkondo wazi, bila nozeli ya kuzama, vihesabu pia hewa inayovutwa na mkondo, maana ndiyo inayochafua chuma.

Maji ya Ziwa Victoria yanafaa kwa tangi hili, ila yachujwe kwa mchanga na yaachwe yatulie usiku kucha. Ukijani wake ukibaki, rangi ya pamanganeti haisomeki kwenye rula.

Mafundi wa uyeyushaji chuma,
Nyakato, Mwanza