Barua kwa Zuhura: mji uliokabidhi funguo zake

Tampa, Florida

Shoga yangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Natumai wewe, mama na watoto hamjambo. Sisi huku wazima, kazi ndiyo ileile.

Barua yako nimeisoma mpaka mwisho, na pale ulipoandika habari za kikao cha baraza nikarudia kusoma. Kwamba wananchi wa kata yako wamechanga, wamebeba mawe na mchanga, boma la zahanati limefika kwenye lenta, na sasa bati hakuna. Kwamba mapato ya ndani yameshuka na kila diwani anavutia kwake. Umeniuliza kama hawa Wamarekani nao waliwahi kukwama hivyo. Walikwama, shoga, tena vibaya sana, miaka ya 1930, uchumi wa dunia ulipoanguka. Nikupe habari za mji mmoja, Key West. Nimekuwa nikiufuatilia, na kila nikisoma jambo jipya nakuwaza wewe na kiti chako pale barazani.

Key West ni kisiwa kidogo cha matumbawe kwenye ncha ya Florida. Ukivuka bahari mbele yake umefika Cuba. Mwishoni mwa karne ya 19 ndio uliokuwa mji mkubwa kuliko yote Florida. Watu wake waliishi kwa kuokoa mali za meli zilizovunjikia miambani, kwa kupiga mbizi na kuvua sponji, na kwa kusokota zile sigara nene za Kicuba. Kisha riziki ikaanza kuhama, moja baada ya nyingine. Mwaka 1886 moto mkubwa uliunguza mji, na viwanda vingi vya sigara vikaja huku Tampa. Sponji zikaenda Tarpon Springs. Jeshi la majini likapunguza shughuli zake. Reli ya tajiri Henry Flagler ilifika kisiwani mwaka 1912, ikipita baharini kisiwa kwa kisiwa, lakini biashara kubwa iliyotarajiwa haikuja nayo. Ndipo mwaka 1929 masoko ya hisa yakaporomoka.

Kufika mwaka 1934 mji una watu wapatao 12,000, na karibu asilimia 80 wanakula kwa msaada wa serikali. Mji unadaiwa dola zipatazo milioni 5 na hauwezi kulipa. Wafanyakazi wa mji hawapati mishahara, taka zimerundikana mitaani. Mwezi Julai mwaka huo baraza la mji na viongozi wa kaunti wakamwandikia gavana, David Sholtz: tumeshindwa, tangaza hali ya dharura, mamlaka yetu chukua wewe. Gavana akayapokea, naye akayakabidhi kwa Julius Stone, mkuu wa shirika la serikali kuu la misaada ya dharura, FERA, katika jimbo la Florida.

Hebu jiweke pale, Zuhura. Mmekaa kikao, ajenda ni moja, na mkitoka nje nyinyi si baraza tena kwa maana yoyote ya kweli. Nimejaribu kuwahukumu wale madiwani nikashindwa. Watu walikuwa na njaa. Kukataa kungekuwa rahisi kwa mtu aliyeshiba.

Stone alikuwa na hesabu zake. Kuwalisha watu wote wale miaka nenda rudi kungeigharimu serikali sana. Kuwahamisha kisiwani lilikuwa jambo lililofikiriwa kwa dhati. Yeye akachagua njia ya tatu: Key West ugeuzwe mji wa watalii wa msimu wa baridi. Hakuchaguliwa na mtu hata mmoja wa pale, lakini yeye ndiye aliyeamua mji ule uwe mji wa nini.

Kazi ikaanza, na hapa nawasifu watu wa Key West kwa moyo wote. Walijiandikisha kwa maelfu kufanya kazi bure, kwa ajili ya mji wao, na saa walizojitolea zilipita milioni moja. Walizoa taka za miaka, wakasafisha fukwe na kuondoa magugu bahari, wakajenga vibanda vya kupumzikia ufukweni, wakakarabati nyumba za kupangisha. FERA ikaleta wachoraji, picha zao zikachapwa kwenye kadi na vijitabu vya kuwaita wageni. Hoteli kubwa ya Casa Marina ikafunguliwa tena. Na kukajengwa jumba la samaki hai, lililofunguliwa mwaka 1935. Lipo mpaka leo na nimeingia. Si kubwa. Zamani lilikuwa wazi juu, jua likimulika samaki moja kwa moja kwenye matangi. Kuna beseni ambamo watoto wanaruhusiwa kushika kombe na viumbe wengine wa pwani. Binti yangu alishika moja, likajikunja ndani, hakutaka kuondoka. Mji uliokuwa haulipi hata wazoa taka ulijenga kitu ambacho watoto wanakifurahia miaka 90 hivi baadaye. Nisingependa ulisahau hilo ninapoendelea na lawama zangu.

Lawama yenyewe ni hii. Stone alipoulizwa kuhusu mamlaka aliyokuwa nayo, alijibu kwamba kazi ile aliianzisha kwa kupitisha kalamu mara moja, na kwa kupitisha kalamu mara moja anaweza kuisimamisha. Alisema kweli tupu. Wapinzani waliuita utawala wake udikteta, na magazeti ya mbali yakaja kuutazama. Mtu aliyejitolea kuzoa taka asubuhi hakuwa na diwani wa kumjibu jioni kwa nini fedha zimekwenda hotelini hazikwenda mtaani kwake. Diwani alikuwepo, alichokuwa hana ni jibu.

Sasa linganisha na miji mingine midogo ya Marekani wakati uleule, kwa sababu njia ya Key West haikuwa njia ya wengi. Kulikuwa na mifuko miwili mikubwa ya serikali kuu ya kugharamia kazi za umma. PWA, chini ya Harold Ickes, ilianza mwaka 1933 na ilishughulika na majengo makubwa: shule, mahakama, mifumo ya maji. Ilitoa ruzuku ya asilimia 30, na kuanzia 1935 asilimia 45. Iliyobaki ilikuwa juu ya mji wenyewe, na mara nyingi baraza lililazimika kuwaendea wananchi na kuwaomba wapige kura ya kukubali hatifungani, yaani mji ukope kwa hati na kulipa polepole. Ickes alikuwa mkaguzi mkali, kila senti aliifuata, na watu walimlalamikia kwa kuchelewa. WPA, chini ya Harry Hopkins, ilianza mwaka 1935 na yenyewe ilitaka watu wapate kazi haraka. Serikali kuu ililipa mishahara. Mji ulileta wazo, ramani na sehemu ya vifaa, kisha ukaupokea mradi ukiisha na kuutunza. Mwaka 1939 sheria ikataka wadhamini wa miradi wachangie asilimia 25. Kwa hiyo baraza lililokuwa na michoro kabatini lilitangulia, na lisilo na michoro lilibaki kusubiri. Hapo ndipo nilipokumbuka maboma yetu ya nguvu za wananchi.

Usidhani vilivyojengwa ni mahakama na madaraja tu. Kitu kimoja WPA ilichojenga kwa wingi ni vyoo vya shimo, zaidi ya milioni 2, vyenye sakafu ya zege na kifuniko kinachofunga vizuri, vijijini kote. Hakuna kiongozi aliyekwenda kukata utepe kwenye choo, lakini minyoo ya tumbo na homa ya matumbo vilipungukiwa na njia ya kupita. Na wanawake, hasa wajane na walioachwa na watoto, waliwekwa kwenye vyumba vya ushonaji wakishona nguo za hospitali na za familia maskini. Sheria ilikuwa kazi moja kwa kila kaya, kwa hiyo mwenye mume mzima hakupata nafasi kirahisi. Mishahara ilikuwa dola 19 mpaka 94 kwa mwezi, kutegemea ufundi na mahali, na kiwango cha chini kabisa kilikuwa cha vijijini huku Kusini mwa Marekani. Watu weusi wa huku Kusini mara nyingi waliandikwa vibarua hata wakiwa mafundi. Hilo linaniuma, na siwezi kukusifia mpango ule bila kulitaja.

Hapa Tampa, kando ya ghuba, kuna Bayshore Boulevard. Ukuta wa bahari na ule uzio wake wa nguzo fupi za zege ulijengwa na WPA. Jioni watu wanatembea pale kwa maelfu, na wengi hawajui waliojenga walikuwa baba wa familia waliokuwa wamekosa unga.

Turudi Key West, maana haikuishia pale. Tarehe 2 Septemba 1935 kimbunga kikali mno kilipiga visiwa vya kaskazini yake. Huko kulikuwa na kambi za FERA za maveterani wa vita vya kwanza vya dunia, waliopelekwa kujenga madaraja ya barabara. Treni ya kuwaokoa ilichelewa, na ilipofika Islamorada, kwenye visiwa hivyo, bahari ikayapindua mabehewa, injini peke yake ikabaki imesimama. Walikufa watu zaidi ya 400, wengi wao wale maveterani. Reli ikakatika na haikujengwa tena. Jimbo likainunua njia yake kwa dola 640,000, na kwa mkopo wa PWA ikageuzwa barabara ya magari, iliyofunguliwa mwaka 1938, wasafiri wakilipa ushuru mpaka 1954. Ukipita leo utaona daraja kuukuu la Bahia Honda: lilikuwa na upana wa treni moja, magari mawili yasingepishana ndani ya vyuma vyake, kwa hiyo wahandisi waliijenga barabara juu kabisa, mgongoni mwa vyuma. Ukiliona unasimamisha gari. Pale Islamorada kuna mnara wa mawe ya matumbawe, umechongwa minazi iliyoinamishwa na upepo, nao ulijengwa na WPA, ukazinduliwa 1937. Chini yake kuna majivu ya waliokufa.

Leo Key West umejaa watalii kama Stone alivyotaka, ingawa vita vya pili vya dunia na jeshi la majini navyo viliuinua. Nyumba zimepanda bei kiasi kwamba anayetandika vitanda hotelini hapati pa kulala kisiwani. Huko kwetu pwani nako wawekezaji wameanza kuulizia viwanja vya ufukweni, ndiyo maana nakuandikia haya yote.

Kwenye kikao kijacho, akija mtu na fedha za kumalizia zahanati, zipokeeni. Lakini kwenye muhtasari iandikwe nani ataajiri muuguzi, nani atalipa maji, na kiwanja kinabaki jina la nani. Na ramani za mradi wa pili na wa tatu mzitengeneze sasa, hata kama hakuna shilingi. Ajira za muda za TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, zikifika kata yako, usikubali ziishie kufyeka nyasi kama kuna mtaro wa kuchimba.

Nitumie makisio ya fundi: bati ngapi, geji gani, mbao ngapi. Wenzetu wa nyumbani tulioko huku tunakutana mwisho wa mwezi, na nimeshawadokeza. Mpe mama salamu zangu, mwambie dawa ya macho nimempa mgeni anayekuja huko wiki ijayo.

Rafiki yako,
Mwanaidi