Wanandoa wanaozuru Marsabit wasipewe ratiba ya alfajiri

Kwa Mhariri,

Kurasa za likizo za magazeti yetu zimezoea kuwatuma wanandoa Diani, Naivasha au Nanyuki. Marsabit ikitajwa, huwa ni mahali pa kujaza tangi kabla ya kuteremka Ziwa Turkana. Wachache wanaoshauriwa walale hapa nao hupewa ratiba ya Maasai Mara: amkeni saa kumi na moja, mwe langoni saa kumi na mbili, wanyama mtawaona. Ratiba hiyo ndiyo inayowarudisha watu Nairobi wakinung'unika kwamba mlima hauna kitu. Sisi tunaoongoza wageni huku tunaomba nafasi tueleze jinsi siku mbili za Marsabit zinavyofaa kupangwa.

Mlima huu ni volkano iliyozimika, na umezungukwa na jangwa: Kaisut upande wa kusini, Chalbi magharibi, Dida Galgalu kaskazini. Upepo wa kusini-mashariki hubeba unyevu kutoka Bahari Hindi, ukapita juu ya nyanda kavu bila kuacha tone, kisha ukagonga mlima na kulazimika kupanda. Usiku hewa hiyo hupoa na kugeuka ukungu. Alfajiri msitu huwa umefunikwa kabisa. Nywele za kuvumwani (lichen) zinazoning'inia matawini hudondosha maji kana kwamba mvua inanyesha, ilhali mjini barabara ni kavu. Ukiingia mbugani saa hiyo, huoni zaidi ya boneti ya gari lako. Siku nyingi ukungu huanza kuinuka kati ya saa tatu na saa tano. Mlima hauna mto unaotiririka mwaka mzima, kwa hivyo ukungu huu pamoja na mvua ndio uhai wa msitu na visima. Hauna budi kusubiriwa.

Asubuhi basi iwe ya visima. Visima vya Ulanula, vile vya kuimba, viko nje kidogo ya mji, nako ukungu hausumbui sana. Nendeni wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha mifugo hunywa madimbwini, na mtakuta mashimo matupu yasiyo na mtu. Kazi ikiwa imepamba moto, wanaume husimama kwenye vidato ndani ya kisima, mmoja juu ya mwingine, ndoo iliyojaa ikipanda kwa mikono huku tupu ikishuka, na wimbo ndio unaoshika mwendo. Sikilizeni vizuri: mwimbaji akichelewa hata kidogo, ndoo hukwama mkononi mwa aliye chini yake. Juu, maji humwagwa kwenye hori la udongo, na ng'ombe huletwa kwa zamu.

Zamu hiyo ina mwenyewe. Kwa Kiborana msimamizi wa kisima huitwa abba herega, na ndiye wa kusalimiwa kwanza, kabla ya kutoa simu mfukoni. Aghalabu wanaoteka maji huwa hawana nguo za kutosha mwilini, kwa hivyo picha bila ruhusa ni kuwavunjia heshima. Kubalianeni naye kuhusu picha na malipo mkiwa bado kando, msimame upande ambao mifugo haipiti, na msiguse hori. Droni iachwe garini, kwani huwatimua ng'ombe waliokaa siku kadhaa bila maji.

Mbuga ni ya mchana. Ada hulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wala pesa taslimu hazipokelewi langoni, na mtandao wa simu mlimani hukatika. Lipeni usiku uliotangulia mkiwa mjini. Wanandoa ambao mmoja ni raia wa Kenya na mwingine ni mgeni wakumbuke kwamba kila mmoja hulipiwa kwa kiwango chake, na kitambulisho au pasipoti huangaliwa. Ndoa haibadilishi kiwango. Mabishano mengi ya langoni huanzia hapo.

Ingilieni Lango la Ahmed kufikia saa nane. Lango hilo lina jina la ndovu mwenye pembe ndefu aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta, akafa mwaka wa 1974. Sanamu yake ya ukubwa kamili iko katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi. Kabla ya kuondoka langoni ulizeni kama Ziwa Paradise, lililo ndani ya kreta (shimo la mdomo wa volkano), lina maji. Ukame ukizidi ziwa hukauka likawa uwanja wa nyasi, na ni afadhali mjue mapema. Likiwa na maji, ndovu na nyati huteremka kunywa alasiri, na mahali pazuri pa kutazama ni ukingoni juu ya kreta, jua likiwa mgongoni mwenu. Wamarekani Martin na Osa Johnson, mke na mume, walipiga kambi kando ya ziwa hilo miaka ya 1920 wakipiga picha na filamu za wanyama. Ukifika pale huhitaji kuelezwa kwa nini walikaa miaka.

Barabara ya ndani ni udongo mwekundu wa volkano. Ikikauka, karibu gari lolote lililoinuka hupita; ikilowa huteleza kama sabuni, na hata gari linalovutwa na magurudumu yote manne huserereka mteremkoni dereva akikanyaga breki. Tumieni gia nzito, mwache injini ilishike gari. Vichaka vimebana pande zote mbili, na ndovu hutokea konani. Mkimkuta, simameni mbali, injini ikiendelea kunguruma, bila honi. Akiendelea kula, subirini. Akitanua masikio, akainua kichwa na kuanza kurusharusha mguu mmoja wa mbele, rudini nyuma polepole hadi mahali palipopanuka. Kosa kubwa ni kujipenyeza pembeni mwake. Kutembea kwa miguu, hata hatua chache za kupiga picha, ni kwa kuandamana na askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) mwenye silaha, kwa sababu nyati aliyelala kichakani haonekani mpaka mmemkaribia.

Siku ya pili nendeni Gof Redo, kreta iliyo karibu na barabara ya Moyale. Iko nje ya msitu, kwa hivyo mnaweza kuizunguka kwa miguu mkiwa na mwenyeji. Vaeni viatu vya kufunika vifundo, maana mawe ya lava hubingirika na yana makali. Upepo wa ukingoni huyumbisha mtu mzima. Piga picha umeketi, si ukirudi nyuma kinyumenyume ili mwenzako aenee. Kwa kweli tungependa kaunti iweke kibao cha onyo pale.

Wenye hamu ya kuiona Chalbi wasijaribu kwa gari moja, wala baada ya mvua. Juu hukauka kukawa gamba jeupe la chumvi, chini pakabaki tope. Fuateni alama za magari yaliyotangulia. Kwenye mchanga upepo wa matairi hupunguzwa, lakini kwenye lava sharti urudishwe, kwa sababu tairi legevu hutanuka ubavuni na hapo ndipo jiwe huchana. Spea mbili, na maji lita tano kwa kila mtu kwa siku.

Barabara ya lami sasa inatoka Isiolo hadi Moyale, na safari kutoka Nairobi, zaidi ya kilomita 500, ni ya siku moja. Ondokeni alfajiri ili mfike kabla ya giza, kwani baada ya mji mdogo wa Merille, ulio njiani, ngamia hulala kwenye lami yenye joto. Bebeni vitambulisho kwa ajili ya vizuizi vya polisi. Mji uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na usiku sweta haikwepeki. Mavazi yawe ya heshima: leso au mtandio kwa mwanamke, suruali ndefu kwa mwanamume, na kukumbatiana kuachwe kwa faragha. Maji ya kuoga hoteli nyingi huletewa na boza, hivyo ndoo moja iwatoshe wawili.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni kwamba kurasa za safari zinapoitaja Marsabit ziandike saa hizi: visima asubuhi, mbuga kuanzia saa nane, na usiku angalau mbili mjini.

Waongozaji wa wageni,
Marsabit