Mseto haumezwi na maji matupu

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu Neema,

Pole sana na malaria. Dada yako kanisomea ujumbe wako, kwamba chakula hakipiti na dawa ya mseto unaimeza na maji matupu. Muuza dawa naye kaandika 4 x 2 kwenye bahasha akaona kazi imeisha. Hakukwambia kuwa dawa hiyo inataka mafuta.

Kidonge kikishamezwa bado hakijaingia kwenye damu. Tumboni kinavunjwavunjwa tu. Kazi ya kufyonza iko mbele, kwenye utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa kama mita 6. Ukuta wake wa ndani umejaa vinyweleo vidogo mno, kama taulo, na hapo ndipo chakula kilichosagika na dawa iliyoyeyuka hupenya kwenda kwenye damu. Isiyoyeyuka inapita zake hadi chooni, na hela yako imekwenda nayo.

Ndani ya mseto mna dawa mbili. Artemetha inashambulia vimelea upesi na kuisha upesi. Lumefantrini inabaki siku kadhaa kumalizia waliosalia, ila kwenye maji haiyeyuki vizuri. Ukila chenye mafuta, kifuko cha nyongo kinajikamua, nyongo inamwagika utumboni na kuyagawa mafuta kuwa matone madogo, nayo lumefantrini inayeyukia humo. Ikifyonzwa kidogo, homa inaweza kushuka ukajiona mzima, kisha ikarudi.

Sikwambii upike machalari na hali hiyo. Kikombe cha maziwa kinatosha, au nusu parachichi na chumvi. Meza vinne asubuhi na vinne jioni, siku 3, mpaka vyote 24 viishe, hata ukijisikia umepona.

Lakini maziwa hayafai kwa kila dawa, maana najua utaanza kumezea kila kidonge. Siprofloksasini, kwa mfano, hunaswa na kalsiamu ya maziwa, isifyonzwe ipasavyo. Na vile vidonge vyako vya kuongeza damu usivishushie na chai. Chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Afadhali juisi ya chungwa.

Parachichi nimempa konda wa basi la kesho asubuhi, mfuko wa kijani. Usiende mwenyewe, mtume mwenzako stendi ya Mbezi. Yaliyo magumu uyafunge kwenye gazeti.

Mama yako