Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Fedha za Sherehe na Uchunguzi wa Mapafu

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu hapa Manchester, nawasilisha taarifa ya mwaka. Shughuli za kawaida mnazijua: misiba tulizikana, futari ya pamoja ilifana, darasa la Kiswahili la watoto liliendelea kila Jumamosi, na vijana walirudi na kikombe. Muda uliobaki nitautumia kwa jambo lililosemwa sana kwenye makundi ya simu kuliko mkutanoni, yaani uamuzi wa kamati wa kuhamisha pauni 1,150 za sherehe ya mwisho wa mwaka ili zigharimie usafiri wa wanachama kwenda kuchunguzwa mapafu.

Saratani ya mapafu inaua watu wengi duniani kuliko saratani nyingine yoyote. Mwaka 2022 pekee ilikadiriwa kuua watu wapatao milioni 1.8. Ugonjwa huu hukua kimyakimya, na mtu anapoanza kukohoa damu au kukonda, mara nyingi umekwisha kusambaa. Wazee wetu wengi walivuta sigara miaka na miaka, melini na viwandani, na kikohozi chao husingiziwa baridi ya huku.

Wapo waliouliza kama uchunguzi huo una faida yoyote iliyothibitishwa. Upo utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2011, wa watu zaidi ya 53,000, ulioonyesha kwamba kumpima mvutaji kwa CT yenye mionzi kidogo, yaani mashine inayopiga picha za ndani ya kifua tabaka kwa tabaka, kunapunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 kuliko kumpiga picha ya kawaida ya kifua. Utafiti wa Uholanzi na Ubelgiji wa mwaka 2020 ukapata asilimia 24 kwa wanaume. Tena hapa hapa Manchester, majaribio yaliyoanza mwaka 2016 yaliwapima watu 1,384 ndani ya magari yaliyoegeshwa karibu na maduka, wakapatikana wagonjwa 42, na saratani nane katika kila kumi zilikuwa bado katika hatua za mwanzo. Leo Uingereza inawaita watu wa miaka 55 hadi 74 waliowahi kuvuta sigara. Barua hizo zimefika majumbani mwetu, nyingine zimelala juu ya friji bila kufunguliwa.

Ndiyo maana nilisimamia jambo hili mwenyewe, kuanzia kuwapigia simu wazee mmoja mmoja hadi kukaa nao walipokuwa wakijibu maswali ya muuguzi. Tuliwapeleka wanachama 23, na 17 wakaonekana wanastahili kipimo. Waliokwenda ni mashahidi: unapanda ngazi ya chuma nyuma ya lori kwenye maegesho ya duka, unavua koti, unalala chali mikono juu ya kichwa, unaambiwa uzuie pumzi, na kabla hujachoka kuizuia umekwisha kupimwa.

Mwanachama mmoja alilalamika kwamba ameambiwa ana kijivimbe, kisha akaachwa miezi mitatu bila tiba. Ninaielewa hofu yake, lakini huko ndiko utaalamu ulikofikia. Katika utafiti ule wa Marekani, idadi kubwa mno ya walioambiwa wana dalili hawakuwa na saratani. Wataalamu wa Uholanzi wakaanza kupima ujazo wa kijivimbe na kukirudia baada ya miezi mitatu waone kama kimekua, na kwa njia hiyo wengi waliepushwa na kukatwa kipande cha nyama ya pafu cha kupimwa pasipo sababu. Cha mwanachama wetu hakikukua.

Lawama iliyoniuma zaidi ni kwamba ninawachuria wanachama, na kwamba saratani ikiguswa na kisu husambaa. Maneno haya yanaua. Tangu mwaka 1933, Dkt. Evarts Graham wa St. Louis alipotoa pafu zima na mgonjwa akaishi, upasuaji umekuwa ukipungua ukubwa. Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kuondoa sehemu nzima kati ya zile tatu za pafu la kulia au mbili za kushoto. Mwaka 2022 Wajapani walitoa matokeo ya wagonjwa 1,106 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2: waliokatwa kipande kidogo tu, asilimia 94.3 walikuwa hai baada ya miaka mitano, dhidi ya 91.1 ya waliokatwa sehemu nzima. Mwenzetu mmoja, aliyeniruhusu kusema bila kumtaja jina, uvimbe wake ulionekana ndani ya lori lile lile, akafanyiwa upasuaji wa matundu madogo kwa kamera, na wiki hiyo hiyo akarudi nyumbani. Kovu lake refu kuliko yote halizidi kidole changu cha shahada. Wanaosema fedha zilipotea wakazungumze naye.

Uamuzi ulipitishwa kihalali katika mkutano wa Machi, ambao taarifa yake ilitolewa wiki tatu kabla. Waliofika walikuwa wanachama 19 kati ya 96, na wengi wa wanaolalamika leo hawakuwamo. Hali ya ada inasikitisha vilevile: waliolipa ni 41, na wanachama 55 wanadaiwa pauni 36 kila mmoja, jumla pauni 1,980. Kama ada zingelipwa, sherehe na safari zote mbili zingefanyika bila kunyang'anyana.

Mwakani tunatarajia kuendelea, Mungu akijalia na mfuko ukiruhusu. Kina mama waliopikia kuni na makaa maisha yao yote bila kuvuta sigara hawaitwi na mpango wa hapa, ingawa Taiwan tangu mwaka 2022 inawapima hata wasiovuta ambao ugonjwa huu umo katika familia zao. Natumaini tutapata namna ya kulifikisha jambo hili panapohusika. Wakati huo, mwenye barua ya mwaliko ailete kwa katibu kabla ya mwisho wa mwezi, na mwenye deni la ada amwone mweka hazina leo, kabla hatujafunga mkutano.

Mwenyekiti