Koti la Geppetto

Mwanangu mpendwa,

Salaam nyingi. Sisi hapa nyumbani wazima, natumaini nawe hujambo.

Siku ya kuondoka ulikiacha kitabu cha Pinocchio, yule kikaragosi wa mti anayetaka kuwa mtoto wa kweli, juu ya kabati, ukasema filamu umeshaiona, kitabu cha nini tena. Usiku wa juzi na jana nimekirudia chote. Mwanangu, hadithi aliyoiandika Carlo Collodi kule Italia, ikatoka kitabu mwaka 1883, bado hujakutana nayo.

Filamu ya Disney ya mwaka 1940 naipenda. Pale yule rafiki yake Pinocchio anapogeuka punda huku akimlilia mama yake, natetemeka mpaka leo. Lakini Geppetto, mzee aliyemchonga Pinocchio na kuwa baba yake, kwenye filamu anaishi vizuri: saa tele ukutani, paka, samaki kwenye bakuli. Wa kitabuni hana kitu. Moto wa nyumbani kwake umechorwa ukutani, na chungu kinachotoa mvuke juu yake kimechorwa vilevile. Chakula chake cha asubuhi ni mapeasi matatu, na yote anampa kikaragosi wake, anayekataa kwanza maganda, kisha njaa inamzidi anayala hayo maganda na vikokwa vyake.

Halafu inakuja shule, na kitabu cha alfabeti hakuna. Geppetto anavaa koti lake lenye viraka, anatoka mbio. Anarudi na kitabu mkononi, yuko na shati tupu, na nje theluji inaanguka. Koti liko wapi, baba? Nimeliuza. Kwa nini? Lilikuwa linanitia joto.

Hapo nilishindwa kuendelea kwa muda. Babu yako alipouza baiskeli ili niingie kidato cha kwanza, alituambia ilikuwa inamuumiza magoti.

Kwenye filamu, Pinocchio anapotezwa njiani na mbweha mwenye maneno matamu. Kitabuni hakuna aliyemlaghai siku hiyo. Anatembea akiwaza jinsi atakavyomnunulia baba yake koti la dhahabu lenye vifungo vya almasi, kwa mawazo hayohayo anasikia filimbi na ngoma, na kitabu anamuuzia muuza mitumba kwa soldi nne, sarafu ndogo za Italia ya zamani, apate kiingilio cha kuona vikaragosi. Filamu ilimwonea huruma ikamtafutia wa kumbebesha lawama. Mimi namwamini zaidi huyu wa Collodi, maana alimpenda baba yake kweli na bado akauza.

(Yule nyenje mshauri wa kwenye filamu, usishtuke: kitabuni anapigwa nyundo mapema sana.)

Na kuwa mtoto wa kweli hakuji kwa ushujaa wa siku moja mbele ya nyangumi, kama kwenye filamu. Baada ya kumwokoa baba yake tumboni mwa papa, Pinocchio anaamka kabla ya alfajiri kwa zaidi ya miezi mitano kuzungusha gurudumu la kisima, ndoo mia moja kwa glasi moja ya maziwa ya baba yake mgonjwa. Usiku anasuka vikapu. Anaweka akiba ya soldi arobaini, anakwenda sokoni kujinunulia koti. Njiani anasikia kwamba kichimbakazi aliyemlea ni mgonjwa, hana hata cha kununulia mkate. Anazitoa zote.

Kitabu nimekifunga ndani ya sweta uliyoisahau, kinakuja na basi la Ijumaa. Ukifika kwenye mapeasi, niandikie.

Baba yako