Barua ya wazi kwa Waziri wa Madini: kuhudhuria si kukubali

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Kwale kusini. Nakuandikia kuhusu karatasi moja.

Miaka michache iliyopita nilihudhuria baraza lililoitwa na kampuni iliyotaka kutafuta madini kijijini kwetu. Tuliketi chini ya mwembe, wengi wetu akina mama waliotoka shambani na majembe yao. Kabla ya neno lolote kusemwa, karatasi ya mistari ikaanza kuzungushwa: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Bibi aliyeketi kando yangu hajui kuandika. Akachovya kidole gumba kwenye wino wa bluu, akakibandika, kisha akakipangusa kwenye leso. Ramani ikatundikwa, maandishi yote Kiingereza. Maswali yakaruhusiwa matatu, soda na mkate vikagawanywa, watu wakaenda zao. Baadaye tuliikuta karatasi ile nyuma ya ripoti ya mradi, ushahidi kwamba wanakijiji wameridhia.

Bibi yule alikuwa ameuliza kama kisima chake kitakauka. Swali lake halimo kwenye ripoti. Kidole chake kimo.

Mheshimiwa, hatuombi hisani. Kifungu cha 10 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na cha 69 kinaitaka serikali ihimize ushiriki huo katika kusimamia na kulinda mazingira. Lamu wametuonyesha maana yake. Juni 2019 jopo la taifa linaloamua kesi za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe. Mikutano ilikuwa imefanyika, hilo halikubishaniwa. Lakini ilifanyika kabla ya utafiti, na utafiti ulipokamilika hakuna aliyewarudia watu kuwaeleza umegundua nini. Utamuulizaje mtu maoni juu ya kitu ambacho hata wewe hujakipima?

Hapa kwetu tuna Mrima, mlima wenye niobiamu na madini adimu ambayo nchi kubwa zinayatafuta usiku na mchana. Kwetu sisi Mrima ni msitu wa kaya, yaani msitu mtakatifu wa jadi. Wazee huenda kuomba huko, na dawa za miti shamba hutoka huko. Mwaka 2013 leseni maalumu ya kuchimba ilitolewa, na mwaka uleule ikafutwa. Kampuni ikaishtaki Kenya mbele ya wasuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2018 ikashindwa: leseni haikuwa halali, kwa kuwa idhini za mazingira zilizotakiwa hazikuwapo. Kuruka hatua hakukumfaa hata mwekezaji mwenyewe.

Tena tumeshaonja uchimbaji. Meli ya kwanza ya madini ya titani kutoka mgodi wa Kwale iliondoka Februari 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza meli ile ilipong'oa nanga alikuwa sekondari mgodi ulipofungwa. Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha, yaani malipo ambayo mchimbaji huyatoa kwa madini anayoyachimba, ugawanywe: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii inayoishi palipochimbwa. Miaka ikapita bila ile 10 kuifikia jamii. Naamini kama wanajamii wangekuwa mezani tangu mwanzo, utaratibu wa kuilipa ungekuwa umeandikwa kabla jembe la kwanza halijagusa udongo.

Basi ninachokuomba kiko ndani ya uwezo wa wizara yako. Karatasi ya mahudhurio isipokelewe tena kama ridhaa. Anayeleta ombi la leseni alete kumbukumbu za yaliyosemwa, na majibu ya kila swali kwa maandishi. Ripoti itufikie mwezi mzima kabla ya baraza, kwa Kiswahili, iwekwe kwa chifu, msikitini na zahanati, na isomwe kwa Kidigo au Kiduruma kwa wasiosoma. Utafiti ukikamilika, warudi. Na tafadhali msituite wiki mvua za masika zinapoanza, maana wiki hiyo mtu akiacha kupanda mahindi atalala njaa; watakaokuja ni wale wasio na shamba.

Sipingi madini. Vijana wetu wengi walipata ajira mgodini, na wapo walioezeka nyumba za wazazi wao kwa mshahara ule. Ninachokataa ni kuamuliwa.

Ukipata nafasi, njoo bila msafara. Bibi yupo, na kisima chake kiko nyuma ya mwembe uleule. Nitakupeleka kwa miguu.

Wako,
Mkaazi wa Kwale kusini