Kwa Baba Neema, kuhusu kijana wako na lile daraja

Moshi, Jumapili jioni

Baba Neema, swahiba wangu,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Picha aliyokutumia kijana wako nimeiona pia: kichwa chini, miguu juu, kamba ya mpira imefungwa vifundoni, na mto Zambezi ukitoa povu chini yake. Mruko wa pale Victoria Falls, kwenye daraja lililo baina ya Zambia na Zimbabwe, ni wa mita 111. Unaandika kwamba mtoto ameingiwa na wazimu, na kwa kuwa nimefundisha saikolojia miaka mingi, unaniuliza ni kitu gani kinachomfanya mtu mwenye kazi na mchumba alipe fedha zake ili aangushwe bondeni.

Jibu linalofundishwa kwanza ni la Marvin Zuckerman, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye mwaka 1964 alitoa pamoja na wenzake dodoso la kupima kiu ya msisimko. Kwa maelezo yake, kuna mtu anayetosheka na kahawa na bao barazani hadi jua linapotua, na kuna mwingine ambaye utulivu huohuo humwasha kama upupu. Huyu wa pili haitafuti hatari yenyewe. Anatafuta jambo geni na kali, na hatari huikubali kama bei yake. Kiu hiyo hurithiwa kwa kiasi kikubwa, nayo hupamba moto ujanani kisha ikapoa kadiri umri unavyosogea. Kwa hiyo, kabla hujamtupia mama yake lawama, jikumbushe ni nani aliyekuwa akidandia malori ya mkonge pale Korogwe yakiwa kwenye mwendo, ilhali nauli anayo mfukoni.

Hata hivyo, jibu hilo humtosha mrukaji tu. Mpanda milima mirefu hukaa majuma kadhaa katika baridi, akipiga hatua moja na kuhema mara tano, na mwenye kiu ya msisimko angechoka siku ya tatu akarudi zake nyumbani. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bangor huko Wales, Matthew Barlow, Tim Woodman na Lew Hardy, walionyesha kwamba wanaoruka kwa miavuli kutoka ndegeni huvutwa kweli na msisimko, lakini wapanda milima huvutwa na jambo jingine: wengi wao huona shida kuzitawala hisia zao na kujiona kuwa ndio wanaoyaendesha maisha yao, na mlimani hupata mahali ambapo hofu ina sababu inayoonekana na uamuzi ni wao wenyewe. Kilimanjaro si mlima wa kamba na shoka za barafu kama ile yao, lakini jirani yangu anayeongoza wageni aliwahi kunisimulia habari za mzee mmoja aliyepanda siku tano bila kusema zaidi ya asante, akafika Uhuru alfajiri, akaketi juu ya jiwe na kulia kwa kwikwi, kisha njia nzima ya kushuka akawa anazungumza habari za marehemu baba yake. Jirani mwenyewe hakuona cha kulilia. Alikuwa akiwaza ada ya shule.

Unasema pia kwamba vijana hawa hawana hofu. Hapo nakukatalia. Katika miaka ya 1960, Seymour Epstein na Walter Fenz waliwachunguza warukaji wa miavuli, wakakuta kwamba hofu ya mgeni wa mchezo hupanda hatua kwa hatua hadi mlangoni mwa ndege, ilhali mzoefu huogopa mapema, hata asubuhi anapoamka, na afikapo mlangoni moyo umeshatulia. Hofu yake haikufa. Imehamia mahali ambapo haimzuii kufanya kazi. Mtazame Alex Honnold, mpanda miamba wa Marekani, aliyepanda ukuta wa mwamba wa El Capitan huko California tarehe 3 Juni 2017, karibu mita 900, bila kamba, kwa muda usiofika saa nne. Kabla ya hapo mtafiti Jane Joseph alikuwa amempima ubongo, akaona kwamba amigdala, sehemu inayotupigia mbiu ya hatari, haikuitikia picha zilizoamsha ile ya mpandaji mwenzake. Watu wakashika hilo tu. Wanasahau kwamba mwaka 2016 mtu huyohuyo aliuanza ukuta ule bila kamba, akaghairi, akashuka, kisha akarudi kwenye kamba kuzikariri hatua zake upya.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni kurudia. Richard Solomon na John Corbit walieleza mwaka 1974 kwamba hofu kali huvuta nyuma yake furaha iliyo kinyume chake, na kadiri tendo linavyorudiwa hofu hupungua na furaha hukua. Ndipo mtu anapotaka kirefu zaidi. Valery Rozov, yule Mrusi aliyeruka na vazi la mabawa kutoka Kilimanjaro mwaka 2015, alifariki mwaka 2017 katika mruko wa aina hiyohiyo kwenye mlima Ama Dablam, Nepal, wala hakuwa mgeni wa kazi.

Basi usimkaripie. Mketishe, umuulize hofu ilimshika lini. Akisema ni pale vidole vya miguu vilipotokeza nje ya ubao, hayo yalikuwa matembezi, na picha uitundike sebuleni. Akisema ameshaizoea na anatafuta pengine pa juu zaidi, niandikie upesi nije Tanga tuzungumze naye sisi wawili, na lori la mkonge tutalitaja.

Wako,
Mwalimu